Miswada ya Mlimani na Sanduku la Babu

Asubuhi moja tulipanda Mlimani, sisi wazazi na binti yetu aliyehitimu Qur'ani mwaka jana, tukaiendea maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulifuata miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. J. W. T. Allen aliikusanya kwa wenyeji wa pwani katika miaka ya 1960, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970.

Miswada ina adabu zake. Mikono iwe safi, kalamu ya wino ibaki nje, na karatasi zifunuliwe taratibu, moja baada ya moja. Tuliketi kimya kama wanafunzi wa chuoni mbele ya mwalimu.

Tulifunuliwa utenzi. Juu kabisa ilikuwapo Bismillahi. Chini ya kila ukurasa, pembeni, liliandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika msomaji asipotee. Mwishoni mnakili aliomba dua ya wasomaji wake. Tukamwombea.

Binti akaanza kusoma. Herufi alizijua zote, lakini maana ilimponyoka.

"Bibi," alisema.

Mtunzaji akatabasamu. "Hapo ni pembe, mwanangu."

Kiarabu hakina p, wala alama za e na o. Katika hati za kale ba moja iliweza kubeba b, p na mb, na kasra moja ikabeba i na e. Kwa hiyo msomaji hutegemea macho yake na pia Kiswahili alichonacho kifuani. Baada ya saa moja, binti alikwisha kuusoma ubeti mzima peke yake.

Furaha ile ilituchoma, kwani tulikumbuka sanduku la babu. Alipofariki tulikuta humo karatasi kuukuu zenye maandishi kama haya. Tulidhani ni kurasa za Msahafu zilizochakaa, tukazichoma kwa heshima na majivu tukayazika. Huenda zilikuwa aya kweli. Huenda zilikuwa utenzi, wasia, au hesabu ya deni ambalo marehemu alitaka lilipwe. Hatutajua kamwe.

Utendi wa Mwana Kupona, nasaha za mama mgonjwa kwa bintiye, ulitungwa mwaka 1858. Umetufikia kwa sababu watu waliunakili na kuuweka majumbani mwao.

Ndugu wasomaji, kabla ya kuzichoma karatasi za wazee, zionesheni kwa mtu anayejua kuzisoma. Zipigeni picha, ukurasa kwa ukurasa, na muandike zilikuwa za nani na zilikotoka. Na watoto wetu waliokwisha kujifunza herufi madrasa tayari wameshika nusu ya ufunguo. Nusu iliyobaki ni lugha yao wenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote walioandika, na wote waliohifadhi. Amin.