Mwanangu Alitafuta Macho Yangu

Williamsport, Pennsylvania, ni mji mdogo wa Marekani wenye vilima vya kijani na mto Susquehanna pembeni. Huku ndiko Carl Stotz alikoanzisha Little League, besiboli ya watoto, mwaka 1939. Kila Agosti timu za watoto kutoka nchi mbalimbali huja kushindana ng'ambo ya mto. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa wa kwanza kutoka Afrika.

Mimi nilifuata mechi ndogo tu. Tangu tuachane, mwanangu wa miaka 10 anaishi huku na baba yake. Mimi niko Dar, namwona mara moja kwa mwaka. Basi nikaja na kamera, si mchezo! Lenzi niliibandika kwenye uzio wa nyaya ili nyaya zisionekane, kasi nikaweka 1/1000 ya sekunde. Mrushaji na mpigaji wanatenganishwa na mita 14 tu. Ukipepesa macho, imekula kwako.

Nilipiga picha zaidi ya 300. Dogo akaupiga mpira, akakimbia, akafika salama. Akageuka kunitafuta.

Jioni akaniuliza, "Mama, uliniona?"

"Picha ninayo, baba."

"Sio picha. Wewe."

Niliishiwa maneno. Mechi ya kesho yake kamera ilibaki kwenye begi. Mzazi mwenzangu, picha ya siku ile sina. Lakini alipogeuka, alinikuta namtazama.