Alama moja ya usawa

Mkiona nimenyamaza, nilikuwa napigana na programu niliyorithi ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ni PHP, faili moja, mistari zaidi ya 4,000: HTML, SQL na hesabu za riba zimechanganyika kama githeri. Mwanachama akapiga simu, eti akiingia anaona mikopo ya kila mtu!

Nikakesha siku mbili nikipachika echo kila mahali. Kumbe ni hii: if ($cheo = 'meneja'). Alama moja badala ya mbili, basi PHP hailinganishi, inampa kila anayeingia cheo cha meneja.

Sharti hilo lilinakiliwa mara 23. Nakala mbili ni zangu, za mwezi uliopita. Nilibandika bila kusoma.