Jeshi Lisilokula Dhahabu

Katika gemu ya Age of Empires II, mpanda farasi mwenye deraya anagharimu chakula 60 na dhahabu 75. Askari wa mkuki anagharimu chakula 35 na mbao 25 tu. Ana kwa ana, mwenye farasi atashinda. Wakimbana wawili wa mkuki, anaanguka.

Askari wasiodai dhahabu wachezaji huwaita takataka. Wenye mikuki huangusha farasi, warusha mikuki huwamaliza wapiga mishale, na wapanda farasi wepesi huwafukuza warusha mikuki. Mwanzoni hakuna anayewaheshimu. Lakini migodi ya dhahabu kwenye ramani hukauka, na mechi ikirefuka, mara nyingi hao ndio wanaobaki kuiamua.

Binamu yangu huwadharau kabisa. Yeye huchagua Wareno, maana askari wao hupunguziwa gharama ya dhahabu. Hulicheka jeshi langu, huliita jeshi la mahamali.

Sisi sote wawili ni wazaliwa wa Mombasa. Gemu hii ina kampeni nzima ya Francisco de Almeida, na anayecheza anakuwa upande wa Almeida. Mwaka 1505, Almeida wa kweli aliiteka Kilwa, kisha akaja kwetu. Wareno waliitaka biashara ya pwani hii, na dhahabu ya Sofala ilikuwa ndani ya hesabu yao. Watu wa Mombasa walipigana kwa mishale. Adui alipoingia kwenye vichochoro, walimrushia mawe kutoka juu ya nyumba. Mji ulitekwa, ukaporwa, ukachomwa moto.

Nilipomkumbusha binamu hayo, alisema, "Ndugu yangu, hii ni gemu tu."

Ni kweli, ni gemu. Hata hivyo, mawe yale hayakununuliwa kwa dhahabu, na waliyoyarusha walikuwa watu wenye nyumba zao. Kwa hesabu ya gemu wangeitwa takataka. Kila nikipanga mikuki mbele na warusha mikuki nyuma, nawafikiria wao, na lile neno haliniingii tena mdomoni.

"Sasa hilo jeshi lako tuliite nani?" binamu ananiuliza, farasi wake wakishuka mlimani.

"Wenye mji," namjibu. "Subiri dhahabu iishe."