Nyasa hawachezi ngoma na shati lenye mkunjo

Wenzetu wa Nairobi wana uwanja wao wa farasi kule Ngong Road. Siku ya mbio kubwa watu hawaendi kuangalia farasi peke yake. Wanaangaliana kofia, suti, viatu, na nani kampiku nani kwa pamba. Sisi huku Ruvuma farasi hatuna, lakini msomaji wangu usidhani hatuna mahali pa kukaguana. Tuna mganda, bwana!

Kwa ambaye hajafika: Mbinga iko juu milimani, kahawa kila upande, na baridi yake ya Juni na Julai haina mzaha. Pale mjini uvaaji ni sweta, koti zito la mtumba na kofia ya sufu. Hata uwe mrembo wa namna gani, urembo wako uko chini ya koti. Sasa panda gari ushuke Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, zamani ilikuwa safari ya vumbi na kutapika, siku hizi ni lami. Njiani utaanza kuvua. Kona moja koti, kona nyingine sweta. Mpaka ulione Ziwa Nyasa umebaki na shati, na hapo ndipo watu watajua kama shati lenyewe ni safi.

Maana watu wa mwambao huu wana macho! Nilifika kijiji kimoja kaskazini ya Mbamba Bay siku ya Ijumaa, ngoma ni kesho yake, nikakuta mawe ya ufukweni yamefunikwa na nguo nyeupe tupu. Kaptula nyeupe, mashati meupe, soksi ndefu nyeupe. Wanaofua ni wanaume wenyewe. Sabuni ya mche, kisha maji yenye bluu kidogo ili weupe ukolee, kisha uji mwepesi wa muhogo ili kola isimame. Jioni pasi ya mkaa inapita nyumba hadi nyumba, na mwenye pasi siku hiyo ni mtu mkubwa kuliko mwenyekiti. Raba zinapakwa chaki. Wengine mashati yao ni ya shule, alama ya mfukoni imefumuliwa taratibu kwa wembe, lakini ukitazama kwa karibu utaona kivuli chake.

Kesho yake mchana wakaingia uwanjani kwa mistari. Ngoma kubwa inaita, vibuyu vinalia kama tarumbeta zenye mafua, maana mdomoni mwa kibuyu wamebandika utando wa buibui ili sauti itetemeke. Hatua ni fupi fupi, goti linanyanyuka kidogo tu, mkono mmoja una kitambaa. Hakuna anayerukaruka. Mtu akirukaruka shati litachomoka, na shati likichomoka watu wa kijiji jirani watalisema mpaka mwakani. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Waamuzi ni wale akina mama waliokaa chini ya mwembe, na hawana huruma.

Haya mambo yametoka wapi? Mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi na kushindana kwa mavazi. Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti, ushindani wao ungeuona ungesema ni Simba na Yanga. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Liuli, hapahapa ziwani, Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na ndipo meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani mwezi Agosti 1914. Vijana wa pande zote za ziwa wakakusanywa, huyu askari, yule mpagazi. Waliosalimika walirudi na gwaride kichwani, wakaligeuza kuwa ngoma. Mtu aliyekuwa akibeba mzigo wa mwenye kaptula iliyonyooshwa sasa kaivaa mwenyewe, na cheo kajipa mwenyewe. Huyu kingi, yule kaputeni, bila kuomba ruhusa kwa bwana yeyote.

Na si hapa tu. Kule Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, msomi mmoja aitwaye Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela, ndugu mwingine wa beni. Wachezaji walivaa suruali safi na viatu vinavyong'aa, na kati yao alikuwepo nesi, kavaa nyeupe, kazi yake kuzunguka na kioo na kitambaa ili kila mchezaji ajiangalie na kujifuta jasho. Hebu fikiria, ngoma ina ofisa wa kioo! Mimi nasema hicho cheo kirudishwe, tena kianzie kwenye daladala.

Akina mama nao wana kioda yao, wengine huita kihoda. Sare moja, kilemba kimoja, wanja uliopigwa kwa mkono usiotetemeka, mafuta kwenye miguu mpaka inameremeta. Poda wanaogopa, maana jasho la ziwani likiichora mistari hakuna pa kujificha. Nilichofurahi ni kwamba kwenye ule mstari wa mbele mkorogo haukuonekana, nyuso na vidole vilikuwa vya rangi moja. Dada zangu wa mjini, vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini lakini bado mnavitafuta chini ya meza, basi nendeni mkawaone wale.

Nilidhani safari yangu imeishia hapo. Kumbe usiku kulikuwa na kikao, nami mgeni nikapewa kigoda. Kikundi cha mganda kilikuwa kimealikwa kwenye sherehe mjini, nauli na posho juu ya wenyeji. Sharti moja tu: waje na "mavazi ya asili". Maana yake nyasi kiunoni, au vitenge vya sare ambavyo wenyeji wenyewe wangevitoa.

Mzee wao, ambaye baba yake aliucheza huohuo mganda kwa tai, alikasirika kweli. Alitaka kujua ni nani kati ya babu zake aliyewahi kucheza mganda na nyasi kiunoni, na hao wa mjini walimwonea wapi. Nikatikisa kichwa kuunga mkono. Kwa watu wa huku tai ndiyo asili, tena ina miaka mia na zaidi. Anayetaka kuwavua avue kwanza suti yake.

Lakini kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema jambo ambalo lilitunyamazisha wote. Kuna wenzao watatu wanaojua kucheza kuliko yeye, na Jumamosi ile walikaa nyuma ya umati, kwa sababu hawana raba. Kitenge cha bure kingewaingiza mstarini. Weupe wa wazee, alisema kwa heshima kabisa, unachagua watu kwa mfuko.

Hapo mzee hakupandisha tena sauti. Walibishana mpaka taa ikaanza kupepesa. Mwisho wakakubaliana kwenda na nyeupe, ila kila aliyestaafu kucheza atoe viatu vyake vitumike, na mzee akawa wa kwanza, akaleta jozi iliyofungwa kwenye gazeti, ngozi imekauka kama mbasa wa kukaushwa lakini rangi ipo. Wale watatu wakaitwa usiku uleule kujaribu. Wawili viliwaenea. Wa tatu ana mguu mkubwa, bado wanamtafutia.

Jibu kwa wenyeji lilitumwa kwa simu asubuhi. Mpaka naondoka lilikuwa halijarudi neno. Mzee alinisindikiza hadi kituoni, akaniomba nikifika Mbinga nimtazamie kwenye mitumba tai nyeusi nne, zisiwe pana. Nimezipata tatu.