Mtaniangalia wenyewe



Kijana mpiga picha kaniandikia jana usiku. Mwezi huu kapiga harusi tatu za watu wa mtaani kwake, na kila alipoulizwa bei alijibu, "Mtaniangalia wenyewe." Wamemwangalia kweli. Sasa anataka kuuza kamera, na anauliza akidai ataonekana hana undugu?

Mimi nafungisha ndoa, haya nayaona. Mpishi wa pilau hawashi kuni mpaka ameshika pesa yake. Mwenye viti na maturubai hivyo hivyo. Anayeambiwa "tutaonana wiki ijayo" ni mpiga picha, maana watu wanadhani kazi yake ni kubonyeza tu. (Hukumu ya picha yenyewe wanazuoni wametofautiana, leo si siku yake.)

Kijana wangu, huo si upole. Katika ijara, ujira unatakiwa ujulikane kabla ya kazi. Soma Suratul Qasas kuanzia aya ya 23. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan mgeni na mhitaji, na bado yule mzee alimtajia masharti wazi: miaka 8, akitimiza 10 ni hiari yake. Walikuwa wanaozana, na walitajiana! Wewe na jirani mnaoneana haya ya nini?

Piga hesabu. Tuseme unachukua laki 3. Toa msaidizi elfu 50, usafiri elfu 30, albamu elfu 80. Imebaki laki na elfu 40. Harusi siku 1, kuchagua na kusafisha picha siku 5: ni kama elfu 23 kwa siku, na kamera inachakaa humo humo. Ukitaka kumsaidia ndugu, mtajie bei kamili kwanza, kisha punguza, ajue umempa nini. Halafu andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu: saa, idadi ya picha, zinatoka lini, nusu inalipwa lini.

Kuhusu wateja, Musa hakujitangaza. Alionekana akinywesha mifugo, na binti ndiye aliyemsemea kwa baba yake: ana nguvu, ni mwaminifu. Uaminifu wako wewe uko kwenye memori kadi. Bibi harusi wa watu usimweke status bila idhini ili upate kazi nyingine. Weka mapambo ya ukumbi, weka wazee waliokubali. Upande wa wanawake mtafute mpiga picha wa kike, umlipe. Familia ikijua picha zake hazizagai, itakutafutia kazi yenyewe.

Na hizo harusi tatu? Pale ambapo bei haikutajwa, una haki ya ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa wenzako hapo mtaani kwa kazi kama hiyo. Kamera usiuze bado. Waandikie leo, kwa adabu, taja kiasi na tarehe. Mmoja wao naswali naye; huyo niachie mimi, nitamfuata baada ya Alasiri in shaa Allah.