Masega ya Gari: Yanapong'olewa Uingereza na Yanapong'olewa Nyumbani

Masega ndilo jina ambalo mafundi wa Tanzania wamekipa kile kifaa kilichofungwa kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Vitabu vya ufundi hukiita katalitiki konveta. Ganda lake likipasuliwa, ndani hukutwa tofali la kauri lenye maelfu ya vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa tabaka jembamba la platinamu, paladi na rodi. Kifaa kikishashika moto, kuanzia nyuzi 300 hivi za Selsiasi, moshi unaopita humo hubadilika: kaboni monoksidi huwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua huishia kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Gari lisilo na masega linaweza kumwaga sumu hiyo huku bomba lake likionekana safi kabisa.

Watu huyang'oa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni malalamiko ya gereji: gari ni zito, halivuti, linakula mafuta, kwa hiyo "masega yameziba". Kuziba kupo kweli, lakini masega hayazibi yenyewe. Plagi mbovu hupeleka petroli mbichi kwenye bomba, petroli ile huungua ndani ya kauri na kuiyeyusha. Au injini inayokula oili hujaza vitundu masizi. Fundi anayeng'oa masega na kuiacha plagi ile ile ameondoa dalili, na ugonjwa ameuacha ndani ya gari. Sababu ya pili ni bei. Mwaka 2021 wakia moja ya rodi ilikaribia dola 29,000, na tangu hapo matangazo ya "tunanunua masega" yamezoeleka mitandaoni. Mara nyingi mwenye gari haambiwi kwamba kilichotoka chini ya gari lake kina thamani kuliko ujira wa kukitoa.

Uingereza kosa la kuyang'oa masega hunaswa kwanza kwenye ukaguzi. Gari likitimiza miaka 3 huanza kupelekwa kila mwaka kwenye kipimo cha MOT, na mkaguzi akikuta masega ya kiwandani hayapo, gari limefeli hata kabla ya moshi kupimwa. Hata ukipimwa hautapita: gari la kisasa la petroli lenye masega kwa kawaida linaruhusiwa kaboni monoksidi ya asilimia 0.2 tu injini ikizungushwa kwa kasi, ilhali magari ya zamani yasiyo nayo huruhusiwa asilimia 3.5 au hata zaidi. Bila MOT halali, kodi ya barabara hailipiki. Juu ya hayo, kanuni za magari za mwaka 1986, zilivyorekebishwa, zinamtia hatiani anayeendesha gari lililobadilishwa hadi likavuka viwango vya moshi. Faini inafika pauni 1,000 kwa gari dogo na pauni 2,500 kwa gari dogo la mizigo. Magari ya dizeli nayo yana chujio lao la masizi, na tangu Februari 2014 chujio likikosekana gari linafeli vivyo hivyo.

Kwenye bima ndipo wengi hujikwaa. Kwa sheria ya mwaka 2012 inayohusu bima za watu binafsi, mteja anawajibika kujibu kwa uangalifu na ukweli maswali ya kampuni, na swali la kama gari limefanyiwa mabadiliko ni la kawaida. Aliyeng'oa masega kisha akajibu "hapana" ametoa maelezo ya uongo, na kampuni inaweza kupunguza malipo au kuufuta mkataba wote. Mtu aliyegongwa hakosi fidia, kwani Sheria ya Barabarani ya 1988 inailazimisha kampuni kumlipa, lakini katika mazingira fulani kampuni inaweza kumrudia mwenye gari na kumdai fedha hizo. Masega yakiibwa, jambo linalowapata sana wenye Toyota Prius, bima kubwa kwa kawaida hulipa baada ya mwenye gari kuchangia sehemu yake. Wezi nao wamebanwa upande wa soko: kwa sheria ya mwaka 2013 ya England na Wales, mnunuzi wa vyuma chakavu haruhusiwi kulipa taslimu na lazima athibitishe muuzaji ni nani.

Marekani, ambako masega yalianza kuenea kwenye magari ya mwaka 1975, Sheria ya Hewa Safi inamkataza mwenye gari na gereji pia kuyang'oa. Tena serikali kuu inamlazimisha mtengenezaji kuyadhamini kwa miaka 8 au maili 80,000, hivyo yakiharibika mapema kwa kasoro ya kiwandani mwenye gari hulipiwa. Kipengele hicho ni cha busara kuliko faini yoyote, kwa kuwa kinamwondolea mtu wa kawaida sababu ya kuyaondoa.

Nyumbani sheria hazikosekani. Tanzania ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2007, Kenya mwaka 2014. Mafuta nayo si kisingizio tena: petroli yenye madini ya risasi, ambayo huua masega, iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na tangu 2015 Afrika Mashariki imeshusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuchungulia chini ya gari likishatoka bandarini. Trafiki hutazama leseni, bima, taa na matairi. Kipimo cha moshi hana. Uchafu mwingine huja na meli: uchunguzi wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2020 ulikuta baadhi ya magari yaliyokuwa yakipelekwa Afrika yamekwisha kung'olewa masega huko huko.

Ukimya wa trafiki haumlindi mwenye bima kubwa. Mikataba ya Kenya na Tanzania imerithi kutoka sheria ya Kiingereza msingi wa nia njema kabisa, unaomtaka mteja aseme mambo ya maana kuhusu gari lake, na kwa kawaida ina sharti la kulitunza gari katika hali nzuri. Moto ukianzia kwenye bomba lililochomelewa ovyo, mkadiriaji wa hasara ataliona bomba lile.

Anayenunua gari Uingereza ili alisafirishe Mombasa au Dar es Salaam anaweza kusoma bure mtandaoni historia yake ya MOT kwa kutumia namba ya usajili, pamoja na kila mara lilipofeli kwa moshi. Anayenunua gari lililokwisha tembea nyumbani hana kumbukumbu hiyo. Hana budi kulala chini na tochi. Bomba jipya lililonyooka mahali palipopaswa kuwa na kasha ni ushahidi tosha. Taa ya injini nayo inapaswa kuwaka swichi ikifunguliwa na kuzimika injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima makusudi, kwa sababu sensa iliyo nyuma ya masega ndiyo ingemsema.