Kosa Lijieleze

Mwalimu anaposahihisha daftari na kutia alama ya kosa tu, mtoto hujua kwamba amekosa, lakini hajui amekosa wapi. Jambo hili tumelikuta pia katika kompyuta, tulipokuwa tukiwaongoza wanachuo wetu kutengeneza upya programu ndogo ya kukokotoa wastani wa alama, iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Wastani huo ndio uandikwao katika ripoti ya mtoto na kusomwa na mzazi wake. Kwa hiyo haifai ukosewe.

Programu nzuri huandamana na majaribio yanayojiendesha yenyewe. Jaribio huipa programu swali ambalo jibu lake twalijua, kisha hutoa kauli ya uhakiki. Baadhi ya majaribio tuliyoyarithi yalitumia jina la kale, assertEquals, lililoondolewa katika Python 3.12 mwaka 2023. Ilitubidi tuyabadili, nasi tukaona si busara kubadili majina tu na kuziacha kauli zenye giza.

Natutazame mfano. Wastani wa 40, 50 na 60 ni 50. Kauli ya zamani ilitumia assertTrue kuuliza kama jibu ni sawa na 50. Programu ilipogawanya kwa 2 badala ya 3, jaribio lilitoa ujumbe: "False is not true", yaani uongo si kweli. Nani asiyelijua hilo? Tulipotumia assertEqual, ujumbe ukawa: "75.0 != 50". Papo hapo wanachuo walitambua kwamba 75 ni nusu ya 150, wakauendea mstari wa kugawanya. Darasani nako, jibu la mtoto lililokosewa ndilo lituonyeshalo njia aliyopita.

Yapo mambo mawili zaidi ya kuzingatia. Kwanza, jaribio moja lihakiki jambo moja, kwa kuwa kauli ya kwanza ikishindwa, zifuatazo katika jaribio hilo hazifikiwi. Pili, kauli mpya isiaminiwe kabla ya kuiharibu programu kwa makusudi na kuona jaribio likishindwa. Mtihani anaoufaulu hata asiyejua haupimi kitu.

Basi, ndugu wanachuo, tuandikapo uhakiki wowote, wa daftari au wa kompyuta, hatuna budi kujiuliza: atakayekutana na kosa hili akiwa peke yake, ataelezwa nini?